Usiufunge Huo Mguu

Nsuakrom, 9 Februari 2014

Mwanangu Frema,

Hujambo huko pwani, na hawajambo hao Wafante wako na madonge yao ya mahindi machachu? Sisi huku hatujambo. Paa la jikoni linavuja tena upande uleule. Fundi amekuja mara mbili kulitazama, na mara zote mbili amekula. Binti wa mjomba wako ameolewa na mtu wa benki, au mtu anayesema ni wa benki. Siku ya harusi alibadilisha tai mara tatu. Kaburi la mama yako nimelipalilia wiki iliyopita. Ni miaka sita sasa na hujaja kuliona. Sikulaumu, nakukumbusha tu, na nitakukumbusha kila barua.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu ikilia, jikoni kote wanaacha kutwanga wasikilize. Dereva wa basi la Cape Coast ni mtu mzima mwenye adabu, hafungui bahasha za watu.

Habari kubwa ni hii. Malkia wa viazi vikuu, yule mkuu wa wauzaji wetu wote hapa sokoni, alifariki wakati wa Krismasi, tukamzika kwa siku tatu, na sasa kiti kiko wazi. Watu wananitaja. Mimi sijasema lolote, nimeshona nguo tu. Nimeuza viazi miaka thelathini na minne. Nakigonga kiazi kwa ukucha nakwambia kimeoza wapi. Mwingine anayetajwa ni Kyerewaa, na Kyerewaa unamjua, sina haja ya kuendelea.

Sasa kuna jambo dogo. Nina rafiki yangu, wewe humjui, alipasuliwa ngiri kule Accra mwezi wa kumi. Kidonda kilipona vizuri, lakini tangu Krismasi mguu wake wa kushoto umevimba kuanzia vidoleni mpaka pajani. Asubuhi una nafuu, jioni hauingii kiatuni. Wewe si ndiyo kazi yako hiyo, kunyoosha viungo vya watu hospitalini? Niambie afanye nini, na iwe upesi, maana ana shughuli yake mbele za watu. Kuna mganga amejitolea kumchanja kwa wembe maji yatoke.

Mama yako mdogo,
Akua Dufie


Cape Coast, 23 Februari 2014

Mama mdogo, nakuamkia.

Huku tu wazima. Kazi ni nyingi, wagonjwa wengi, viti vichache. Madonge ya mahindi nayala na samaki wa kukaanga, nimenenepa, ahsante kwa kuuliza. Paa mwambie fundi alipande kwanza, chakula baadaye.

Kuhusu rafiki yako. Wembe usiguse mguu huo. Wala sindano, wala maji ya moto yenye tangawizi, wala pilipili ya kusaga, maana najua ndiko mnakoelekea. Ngozi ya mguu wa namna hiyo ikipata tundu hata dogo, wadudu wanaingia na unawaka wote.

Umwambie pia kwamba ngiri haivimbishi mguu mzima. Mguu huvimba hivyo mtu akitolewa tezi za ndani ya nyonga, zile zinazopitisha maji ya mwili yarudi juu. Tezi zikiondoka, au zikizibwa na uvimbe wa ndani, maji yanakosa njia, yanakaa mguuni. Na daktari hatoi tezi hizo kwa ajili ya ngiri, Mama mdogo. Anazitoa akitaka kujua kama saratani imetembea. Kwa hiyo rafiki yako ama hajui alichopasuliwa, ama anajua sana.

Kwanza arudi kwa daktari ahakikishe si damu iliyoganda ndani ya mshipa. Akiambiwa siyo, aanze hivi. Kila siku aoshe mguu, aukaushe vizuri katikati ya vidole, apake mafuta. Halafu aupapase kwa mkono mwepesi, kuelekea juu, akianzia pajani ndipo ashuke kidogokidogo. Asiukande kama unga. Asubuhi kabla hajatembea aufunge bendeji nene isiyovutika sana, siyo ile ya mpira ya wachezaji. Aanzie vidoleni, akaze chini, alegeze kadiri anavyopanda. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, afungue. Akishafunga asikae tu: atembee, anyooshe na kukunja kifundo. Akipumzika, mguu uwe juu ya mto. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Ukishapungua, nitamtafutia soksi ya kubana ya kipimo chake.

Hauponi ukaisha kabisa. Lakini unatunzika, na mtu anaishi nao vizuri. Anipimie kifundo kwa futi ya fundi cherehani, aniandikie.

Mwanao,
Frema


Nsuakrom, 20 Machi 2014

Mwanangu Frema,

Hujambo? Sisi tupo. Mtu wa benki kumbe ni mlinzi wa benki. Mjomba wako anasema hata hivyo anaingia humo kila siku, mwenye akaunti haingii kila siku.

Rafiki yangu alikwenda kwa daktari, hakuna damu iliyoganda. Akafunga bendeji. Alianza na inchi kumi na tatu kifundoni, mguu wa kulia una tisa. Baada ya wiki mbili kumi na moja. Akafurahi mpaka akacheza kidogo jikoni. Ilibidi ushuke kwa sababu soko letu siku hizi limejifanya ikulu. Wazee wa soko wameamua kwamba kama vile chifu hatakiwi kuwa na kilema, basi na malkia wa viazi asiwe na kilema. Nani aliwaomba sijui. Yule marehemu alikuwa na jicho moja na aliona wezi wote.

Basi juzi mimi na Tiwaa, anayeniongozea kampeni, tulikwenda kumsalimu Nana, malkia mama wa mji. Unajua mwenyewe, huwezi kumsalimu Nana na viatu mguuni. Nikafika mbele yake, nikavua ndala ya kulia. Ya kushoto ikakataa. Ilikuwa saa kumi alasiri, nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, na bendeji nilikuwa nimeivua ili nisionekane mgonjwa. Nikakung'uta mguu. Ndala imeshika. Nana anangoja, wazee wananitazama, mimi natabasamu. Tiwaa akapiga magoti akaivuta kwa mikono miwili, akaanguka chali na ndala kifuani, na nguo yangu ikapanda mpaka gotini.

Kila mtu akauona. Sawa, rafiki yangu ni mimi, na ulishajua tangu barua ya kwanza, kwa hiyo usinichoshe.

Nilidhani kiti kimekwenda. Lakini Tiwaa ni mtu wa ajabu. Akiwa bado chini pale akapiga kelele, "Wamemtegea dawa. Mnaona wenyewe, amekanyaga dawa ya uchawi iliyozikwa njiani." Wazee wakashika midomo. Mmoja akauliza nani anakaa kibanda cha jirani na changu. Wote wanajua ni Kyerewaa.

Sikusema ndiyo, Frema. Wala sikusema hapana. Nilikuwa natafuta ndala yangu.

Mama yako mdogo,
Dufie


Cape Coast, 2 Aprili 2014

Mama mdogo, nakuamkia. Nafurahi umefika inchi kumi na moja. Usiache bendeji.

Mlinzi wa benki ni kazi nzuri, mwambieni asivue sare.

Nina maneno mengine, na nimeyachelewesha wiki nzima kwa sababu sikujua niyaandike vipi. Mama alipokufa, mguu wake nao ulikuwa umevimba. Mliniambia alikanyaga dawa iliyozikwa na Kyerewaa. Niliamini, nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimeshapata cheti cha kazi hii, ndiyo aibu yenyewe. Siku ya mazishi Kyerewaa alikuja na nguo nyeusi kama watu wote, alikuwa shoga yake mama tangu utoto. Nikachukua beseni la maji machafu ya vyombo nikammwagia mbele ya waombolezaji wote. Hakunitukana. Alikamua nguo yake, akaondoka. Ndiyo sababu siji Nsuakrom, kama umekuwa ukijiuliza.

Tangu hapo nimeshika miguu mingi iliyovimba. Sijaona hata mmoja uliovimba kwa kukanyaga kitu kilichozikwa.

Naomba unijibu mambo mawili. Ulipasuliwa nini Accra? Na mama alikuwa anaumwa nini? Siulizi kwa umbea. Ugonjwa mwingine unatembea ndani ya familia, na mimi ni mtoto wake wa kuzaa.

Frema


Nsuakrom, 11 Mei 2014

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Barua yako ilifika imelowa, mvua zimeanza, ukurasa wa pili haukusomeka kabisa. Kama uliuliza kitu huko, mvua imekila.

Viazi vipya vimeingia, vyeupe ndani, ukivipika na mchuzi wa karanga unasahau madeni. Paa bado. Fundi sasa anakuja na mkewe.

Huku mambo yamegeuka. Tiwaa amemleta Mwalimu Opoku, yule mstaafu anayeandika kumbukumbu za kila kikao, hata kisichokuwepo. Amefungua daftari jipya, juu ameandika "Mguu". Wamepeleka mashtaka kwa baraza la soko pamoja na chupa mbili za pombe kali kama desturi inavyotaka. Kesi ni tarehe tisa Agosti. Kyerewaa akipatikana na hatia ananyang'anywa kibanda na anafukuzwa sokoni, na kiti kinakuwa changu bila kupingwa, maana mtu aliyerogwa si kilema, ni mhanga. Opoku amelitafuta hilo neno wiki nzima na amelipenda sana.

Sasa tatizo ni bendeji zako. Nilipofika inchi kumi na nusu Tiwaa alikuja asubuhi, akaniona nafunga, akashika kichwa. "Dufie, unatuharibia kesi. Usiufunge huo mguu. Utakwenda barazani na mguu wa nani?" Nikamwambia mwanangu amesema niufunge. Akasema, "Mwanao atakupa kiti?" Opoku akaunga mkono, akasema kisheria huo mguu si mali yangu tena, ni kielelezo, na kielelezo hakiguswi.

Kwa hiyo nimefungua. Opoku anakuja kila jioni na uzi kuupima. Ukiongezeka anasema "vizuri" na kuandika. Juzi ulipungua robo inchi kwa sababu nililala mchana, akaniuliza kwa ukali nimekula nini. Wanawake wa upande wangu wakipita kibandani wananiuliza unaendeleaje. Nikisema umezidi, wanashangilia. Jana walinipongeza kwa inchi kumi na nne. Frema, sijawahi kupendwa sokoni namna hii katika miaka thelathini na minne.

Kyerewaa anakaa pale pale jirani. Hakuna anayenunua kwake. Viazi vyake vinaota.

Mama yako mdogo,
Dufie


Cape Coast, 19 Mei 2014

Mama mdogo,

Nakuamkia. Ukurasa wa pili ulikuwa nyuma ya ukurasa wa kwanza. Karatasi ni moja. Mvua ya Nsuakrom ina akili sana.

Dereva anakuletea bendeji nne mpya na mafuta. Ufunge mguu. Opoku akitaka kielelezo apime kichwa chake. Maji yakikaa mguuni muda mrefu nyama inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu hata mimi sitaweza kuirudisha. Na ukiona umekuwa mwekundu, una moto, ukatetemeka kwa homa, usimngoje Tiwaa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Maswali yangu ni yaleyale mawili. Safari hii nimeyaandika juu kabisa ya bahasha kwa ndani, hapo mvua haifiki.

Frema


Nsuakrom, hospitali, 28 Juni 2014

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimelala kitanda cha dirishani, chakula chao hakina chumvi. Usiogope ukiona mwandiko umepinda.

Ilikuwa hivi. Opoku aliamua tufanye mazoezi ya kesi, kwa sababu mshtaki anatakiwa asimame peku mbele ya baraza. Wakanisimamisha peku nyuma ya maghala ya viazi, jua kali, Opoku akajifanya mwenyekiti na mashahidi wakajifanya mashahidi. Nilikanyaga kijiti. Kidogo tu, hata sikukitazama. Siku ya pili mguu ulikuwa mwekundu mpaka gotini, unawaka, na mimi natetemeka na blanketi mbili. Tiwaa akaja, akauona, akasema, "Mungu ametujibu." Opoku akamleta mpiga picha. Walinipiga picha kutoka pande tatu kabla ya yeyote kuita gari. Ile ya tatu ilibidi irudiwe kwa sababu nilifumba macho.

Siku nne sikujua nilipo. Muuguzi alimfukuza Opoku wodini na uzi wake. Dawa zinapitia mshipani, homa imeshuka. Daktari anasema maumivu yakiisha nirudi kwenye bendeji, na kwamba kama ningechelewa siku moja zaidi asingeniahidi kitu. Aliniuliza mbele ya wodi nzima, "Wewe si ndiye uliyetolewa kizazi na tezi kwa saratani?" Nikajifanya nimelala.

Haya, sasa umesikia. Swali la kwanza amelijibu yeye.

Kyerewaa alikuja. Alisimama mlangoni na bakuli la supu mkononi. Nikamwambia hakuwa na haja ya kuja kuniona. Akasema, "Sikuja kukuona wewe. Nimekuja kuuona huo mguu wangu, maana naambiwa nimeutengeneza mimi na sijawahi kuutazama vizuri." Akautazama sana. Akasema, "Wa Nyarko, dada yako, ulikuwa hivihivi." Akaweka supu, akaenda zake. Sikuinywa mpaka alipofika getini.

Dufie


Cape Coast, 6 Julai 2014

Mama mdogo, pole. Pole sana. Nimelia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Nilitaka kupanda basi usiku uleule, nikafika stendi nikarudi. Siwezi kupita mbele ya kibanda cha yule mama mpaka nijue nilimmwagia maji kwa ajili ya nini.

Saratani ya mji wa mimba si tusi. Ikiwahiwa inatibika, na yako iliwahiwa. Swali langu ni hili: kwa nini iliwahiwa? Wewe ni mtu wa kumngoja fundi wa paa miaka miwili. Nani alikutuma Accra haraka namna ile?

Lile la pili bado nalingoja.

Frema


Nsuakrom, 17 Agosti 2014

Mwanangu Frema,

Hujambo? Sisi hatujambo. Leo nitakusalimu kwa kirefu kwa sababu yanayofuata siyapendi. Mjomba wako anakusalimu, mlinzi wa benki anakusalimu, mke wa fundi anakusalimu, sasa ana mkeka wake hapa kwangu. Mvua zimepungua. Viazi ni vingi mno.

Nilitoka hospitali Julai tarehe kumi. Nikafunga bendeji kila asubuhi, nikatembea, nikalala mguu juu ya mto. Tiwaa akija namwambia nimeupumzisha. Opoku nilimwambia muuguzi amekataza nyuzi. Mpaka siku ya kesi kifundo kilikuwa inchi kumi, na soksi uliyonitumia ilikuwa inaingia.

Barazani watu walijaa mpaka juu ya magari ya viazi. Kyerewaa alikaa peke yake kwenye benchi la watu wanane. Opoku akasoma daftari lote, tarehe kwa tarehe, inchi kwa inchi, saa nzima. Halafu akapitisha zile picha. Mwenyekiti akasema mshtaki asimame aonyeshe mguu. Nikasimama. Nikapandisha nguo. Ile soksi ya rangi ya ngozi, laini, na mguu ndani yake mdogo, mzuri, kama wa bibi harusi. Watu wakauliza kwa sauti mguu mwingine uko wapi. Tiwaa alinitazama, nadhani ningekuwa karibu angeupiga teke ili uvimbe tena.

Mwenyekiti akauliza nimepata dawa kwa mganga gani. Hapo ndipo ningeweza kutaja mganga yeyote, Frema, na kila kitu kingekuwa changu. Kyerewaa angefukuzwa na mimi ningevikwa. Opoku alikuwa ananinong'oneza jina la mganga mmoja, binamu yake. Nikamwambia mwenyekiti ni bendeji. Nikasema sikukanyaga kitu. Nikasema nilitoka damu miaka tisa baada ya hedhi kukoma, nikaenda Accra, wakakuta saratani ndani ya mji wa mimba, wakautoa na tezi zake, na tezi zikitolewa mguu unavimba, basi. Nikasema na ngiri sijawahi kuwa nayo. Wanaume wa baraza walitazama chini kuanzia neno damu, mpaka nilipokaa hawakuinua macho.

Halafu Opoku akauliza kama aandike hayo. Mwenyekiti akasema aandike kwamba mguu umeondolewa kwenye ajenda.

Kyerewaa hakunishukuru na hana haja. Kibanda chake kimebaki. Kiti hakukipata, kwa sababu walisema mtu aliyewahi kushtakiwa ana doa. Mimi sikukipata kwa sababu nimetolewa kizazi. Malkia wa viazi ni Tiwaa. Walimvika siku ileile, kumbe nguo alikuwa ameshashona.

Sasa swali lako. Nimelizunguka miezi minne na nimechoka kulizunguka.

Mama yako hakukanyaga dawa. Alianza kutoka damu karibu miaka miwili kabla hajafa, na hedhi yake ilikuwa imeshakoma. Alinionyesha. Alisema ni aibu kwa mwanamke wa umri wake kumwendea daktari kijana na jambo kama hilo, na mimi nilikubaliana naye. Nilimfulia vitambaa vyake nyuma ya nyumba, nikivianika ndani ili wewe usivione ukija likizo. Tulisema itakoma. Mguu ulipovimba mjomba wako akasema ni dawa ya kuzikwa, watu wakamtaja Kyerewaa, na mimi nilisimama pale na sabuni bado mkononi na sikufungua mdomo. Ulipochukua lile beseni nilikuwa nyuma yako. Ningeweza kukushika mkono.

Miaka mitano baadaye damu ilipoanza kwangu nilikwenda Accra siku ya tatu, kwa sababu nilikuwa nimeshaona inavyokwisha. Hiyo ndiyo sababu niliwahi. Hakuna aliyenituma isipokuwa yeye.

Nenda ukapimwe, mwanangu. Mwambie daktari mama yako na mama yako mdogo, wote wawili.

Dufie


Cape Coast, 25 Agosti 2014

Mama mdogo,

Safari hii sina salamu.

Daktari amenipangia Jumanne. Nilimwambia wote wawili, kama ulivyosema. Aliuliza mama alikuwa na miaka mingapi ilipoanza, ikabidi nimwambie sijui, aliyejua alikuwa anafua.

Nakuja Jumamosi. Basi linafika saa saba. Usitume mtu stendi, na usipike. Nitakwenda kwanza kwa Kyerewaa, nitakaa mlangoni kwake mpaka anifungulie au mpaka anifukuze, na mkononi nitakuwa sina kitu, kwa sababu sijui mtu anapeleka nini baada ya kumwagia mtu maji.

Nikitoka huko nitakuja kwako. Sijui nitasema nini. Uwe umekaa kitandani, mguu umeoshwa na kukauka, bendeji ziko karibu. Nitaufunga mwenyewe.

Frema